Vitabu ni vya Mama Phébé, si vya Mwalimu

Wachungaji, wazee wa ukoo wa Nkulu na wa ukoo wa Mwenze, majirani, na ninyi wasomaji mliojaa hadi nje ya ua, haya ndiyo maisha ya mama yetu Phébé Nkulu, na anayewasomea ni mtoto wake wa kwanza, Béthanie, ambaye tangu Alhamisi ameombwa mara tatu asiyasome hivi, na ndivyo anavyoyasoma.

Mama Phébé alizaliwa tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 1953 huko Kabondo-Dianda, mtoto wa tatu wa Tata Lazare Nkulu, mvuvi, na wa Mama Mira, mkulima wa muhogo, wote wawili wakristo wa Kanisa la Metodisti, na alipokuwa na miaka mitano familia ilihamia hapa Kamina, kwa sababu Tata Lazare alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye stesheni ya reli.

Alisoma shule ya msingi hapa Kamina kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaingia sekondari mwaka huo huo, akakaa miaka miwili tu, kwani mwezi wa kumi mwaka 1967 Mama Mira alipooza upande mmoja wa mwili, na katika nyumba yenye wavulana wanne aliyeitwa kuacha daftari na kushika ndoo alikuwa msichana, na hakuna aliyemuuliza. Hapa, kwenye sehemu hii ya masomo, karatasi iliyoandikwa na kikao cha familia siku ya Alhamisi ina maneno mawili, basi: «Masomo: hakusoma.» Béthanie aliyatazama maneno hayo, akachukua kalamu akayafuta, na sasa mnajua kwa nini kikao kile kilikwisha kwa kelele.

Ili kila mtu aelewe, aliyeandikisha maneno hayo ni Tata mukubwa Esdras Mwenze, kaka wa marehemu baba yetu, ambaye yuko hapa mbele, na hakuyasema kwa ubaya, tumpe haki yake, maana katika kinywa cha mzee kusoma ni kuwa na diploma, na asiye na diploma hakusoma, kwisha. Lakini neno hilo lilikuwa na mkia. Kwa kuwa mama hakusoma, alisema mzee, vitabu zaidi ya mia nne vilivyo katika chumba cha mbele haviwezi kuwa vyake, ni vya mdogo wake, baba yetu, aliyekuwa mwalimu, na siku ya posho, ndiyo leo, vitatiwa katika makartoni na kupelekwa nyumba ya ukoo huko Kabondo-Dianda, vikae ndani ya sanduku, viwe ukumbusho. Maneno yake yalikuwa haya: «Bibi ya mwalimu hakusomaka, ile vitabu njo ya ndugu yangu, tutaibeba.» Basi wapendwa, mkisikia sauti ya msomaji inapanda kidogo katika yanayofuata, si machozi peke yake.

Kuhusu kazi, mama alifanya kazi moja maisha yake yote. Tarehe 2 mwezi wa tano mwaka 1974 aliandikwa kuwa mfagiaji katika chumba cha kusomea cha wafanyakazi wa reli, akapewa fagio, kitambaa na ufunguo, na kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi juu ya vitabu kila asubuhi kabla wakubwa hawajafika, na yeye akawa anafika mapema zaidi ya ilivyotakiwa, anapangusa kitabu kimoja kwa dakika moja na kukisoma kwa saa nzima, kamusi ya Kifaransa iko wazi kando ya ndoo. Wakubwa waliingia kusoma magazeti ya michezo. Mfagiaji alisoma falme za kale za savana, na wapagazi waliobeba vyuma vya reli mabegani kabla treni haijapita, na ngoma na marimba za nchi nzima pamoja na jinsi zinavyochongwa, na ndege wa mabwawa ya Upemba, kurasa baada ya kurasa, miaka kumi na tisa.

Chumba kile kilifungwa mwaka 1993, vitabu vikatupwa uani, na wauzaji wa karanga walikuwa tayari wamekuja kuchagua karatasi za kufungia, mama akaenda kwa mkubwa wa kazi na fagio mkononi, akaomba kuvichukua, akajibiwa kwamba abebe takataka hizo haraka, akavibeba. Alivibeba kwa baiskeli, siku sita, na kila alipopita sokoni watu walicheka, na katika waliocheka walikuwemo jamaa zetu ambao leo wanaviita urithi.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa takatifu tarehe 12 mwezi wa nane mwaka 1978 hapa Kamina na Mwalimu Zébédée Mwenze, mtu mpole, mwenye diploma ya Serikali na suruali zilizopigwa pasi, mwalimu wa hesabu, ambaye watoto wake wanamheshimu na kwa sababu hiyo hawatamdanganya hata kaburini: baba yetu hakupenda vitabu. Alipenda redio, mpira na samaki wa kukaanga. Mtaa mzima ulisema «bibliothèque ya mwalimu», yaani maktaba yake, kwa sababu ukikuta nyumba ina mwalimu na vitabu hujiulizi mara mbili, na hilo ndilo kosa la mtaa huu kwa miaka zaidi ya thelathini, kosa ambalo baba mwenyewe alikuwa analicheka, na kila mgeni alipomsifu kwa wingi wa vitabu alijibu: «Apana, iko ya mama, minyi naogopa hata kuipangusa.» Aliaga dunia tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka 2009, na mama alimlilia sana, wala hakuolewa tena.

Mungu aliwajalia watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wadogo, waliobaki ni Béthanie wa mwaka 1979, Nday wa mwaka 1982 na Ariane wa mwaka 1986, pamoja na wajukuu kumi na mmoja, ambao wote walijua kwamba kwa bibi yao pipi inapatikana, lakini baada ya ukurasa.

Sasa tuseme habari za siku ya posho, maana bila hizo mama hajasimuliwa. Ninyi nyote mnajua kwamba huku kwetu Jumamosi inaitwa siku ya posho tangu wakati makampuni yalipogawia wafanyakazi unga na samaki wa juma zima, na mama, mwaka 1994, akaona watu wamesimama bila kazi na bila unga wa kugawiwa, akafungua mlango wa chumba cha mbele akasema kwamba posho yake ni hii. Sharti lilikuwa moja, nalo aliliazima kanisani: kitabu hakirudishwi kimya kimya. Anayerudisha anasimama mbele ya wenzake, anakitolea ushuhuda, anasema kimemfanya nini, halafu anamtaja kwa jina mtu mmoja anayemchagulia kitabu hicho, na aliyetajwa harusiwi kukataa, anakibeba nyumbani, na juma likiisha naye anasimama.

Watu walianza kwa aibu, baadaye ikawa vigumu kuwanyamazisha. Jessé, dereva wa pikipiki ambaye wengi wenu amewaleta hapa leo, alisimama na kitabu cha wapagazi wa reli akasema: «Nilikuwa nazani hapa kwetu mambo ilianza siku treni ilifika, kumbe bababu yetu njo walibeba ile treni,» akamtaja Mama Léonie, mkulima wa kijijini, mkatoliki, ambaye hakuwa na haja yoyote na treni, lakini alikibeba. Mama Léonie naye, alipopewa kitabu cha ndege, alirudi amekasirika, akasema miaka ishirini amewafukuza kwa mawe ndege wa shambani kwake akidhani wanamlia muhogo, na kumbe wanakula wadudu, na hakuna mtu aliyemwambia. Kabange wa kwaya alitajwa kwa kitabu cha ala za muziki, na tangu ushuhuda wake ndipo ngoma ya mti iliporudi katika kwaya yetu baada ya kukaa stoo miaka mingi, mnaisikia leo.

Haikupita bila maneno. Mwaka 2001 mama kadhaa wa kanisa walikuja nyumbani, wakaketi, wakakataa chai, wakasema neno ushuhuda ni la Mungu na si la ndege na magitaa, na kwamba aliache. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa sauti yake ile ya chini: «Ndege banaumbwa na nani, ba mama? Mukinionyesha mwingine aliyewaumba, nitaacha.» Wakanywa chai. Wawili kati yao wakawa wasomaji.

Na kwa wanaotaka ushahidi wa nani alisoma, kitabu cha ndege kiko wazi hapa mezani. Pembeni ya picha, kwa penseli, mama aliandika majina ya Kiluba ambayo mwandishi hakuyaweka, na pale mwandishi anaposema ndege fulani hapatikani kamwe katika mabwawa ya Upemba, mama amepiga mstari na kuandika: «Iko. Nilimuona kwa macho, mwezi wa saba 1971.» Huo si mwandiko wa mwalimu wa hesabu. Mtu asiyesoma habishani na kitabu, wazee wetu, anakiogopa tu.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2019, kisukari, akatibiwa hapa Kamina, kidonda cha mguu wa kushoto kikamlaza kitandani tangu mwezi wa sita mwaka 2024, na hata hivyo kila siku ya posho kitanda kilisogezwa hadi mlangoni ili asikie ushuhuda, na aliyejibu hovyo hovyo alirudishiwa kitabu akisome tena, kidonda au si kidonda. Tarehe 1 mwezi wa pili mwaka 2025, Jumamosi, alisikia wa mwisho. Aliaga dunia Jumanne tarehe 4, saa tatu asubuhi, kitandani mwake, mikononi mwa Ariane, akiwa na miaka sabini na moja, miezi tisa na siku ishirini na sita. Inauma. Watoto wake hawana neno zuri zaidi ya hilo.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomwosha kidonda kwa subira, majirani waliopika na kulala chini kwenye kilio hiki, wachungaji, kwaya, wafanyakazi wa zamani wa reli waliokuja na kofia zao, na wote waliotoka Malemba-Nkulu na Kabondo-Dianda kwa njia ile mbaya, wafwako, asanteni, Mungu wetu Vidye awarudishie.

Shukrani ya pekee ni kwa wasomaji. Habari ya makartoni iliwafikia jana Ijumaa mchana, hakuna aliyetukana mtu, hakuna aliyeshika fimbo, walikuja tu mmoja mmoja, wakasimama katika chumba cha mbele kufuata sharti la mama, huyu akamtaja yule, yule akamtaja mwingine, kitabu kwa kitabu, hadi jua likaelekea kuzama na rafu zikabaki mbao. Tata mukubwa, asubuhi ya leo umefika na makartoni ukakuta chumba kitupu, ukauliza nani amevichukua. Wamevichukua hawa wote unaowaona, wameviazima kwa jina la mama, na kila Jumamosi vitarudi na kutoka tena, na mlango ule wanawe watatu wameapa hautafungwa, si mwaka huu, si watakapozeeka.

Kimebaki hiki kimoja cha mezani, cha ndege, kwa sababu mama mwenyewe alishakitaja. Siku ile ya mwisho, tarehe 1, walipomaliza wengine, aliomba aketishwe, akakitolea ushuhuda kwa maneno machache, kwamba kilimfundisha kutazama vizuri kabla ya kusema kitu hakipo, halafu akataja jina la mtu anayemchagulia, mbele ya wasomaji kumi na saba walio hapa, akasema: «Esdras.» Hakuna aliyetajwa akakataa, Tata mukubwa, tangu mwaka 1994, hata mchungaji. Kipokee, kisome, na Jumamosi ijayo saa nane mchana tunakungoja usimame.

Mama Phébé Nkulu, msomaji, lala salama, amani ya Bwana ikufunike.