Ombi la Kufungua Barabara na Kuifunga Siku Hiyo Hiyo

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenye dhamana ya barabara zetu: sisi wadogo tunakuamkia shikamoo. Bibi zetu wanauliza tu hujambo, maana wengine wao walikuona ukinyonya.

UKARIBISHO
Karibu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na leo tuna hali mbaya kweli.

HISTORIA
Hapa palikuwa vumbi tupu. Watoto walicheza katikati, kinamama walivuka kuombana chumvi, na gari likipita dereva ndiye aliyeomba radhi.

MAFANIKIO
Lami imekuja, tunashukuru. Madereva wa mjini wameigeuza njia ya mkato, wanapita mbio kama waliotoka kuiba. Nyama ya kuku tumekula nyingi kuliko tulivyopanga.

CHANGAMOTO
Bibi Mkunga, aliyetupokea duniani karibu sote, hata mimi fundi cherehani ninayesoma risala hii, anaishi upande wa kushoto. Rafiki yake wa tangu usichana, muuza mkaa, yuko kulia. Tangu lami ije hawathubutu kuvuka. Wanapungiana mikono tu. Kesho binti yake Bibi Mkunga anamhamishia kwake, mbali. Inatuuma, na hatuoni haya kusema.

Tulitaka kumuaga leo, meza katikati ya barabara, wakae pamoja. Tukaenda ofisini kwako kuomba kibali cha kufunga mtaa. Karani akatuambia, "Barabara yenyewe haijafunguliwa. Mtaifungaje?"

Tukamtajia magari.

"Hayo yanapita tu. Kirasmi hapo hakuna barabara."

"Itafunguliwa lini?"

"Mgeni rasmi akija."

Ndiyo maana tumekushangilia vile.

MAOMBI
Tunaomba ukate utepe, tukupigie makofi, kisha utie sahihi kibali cha kuifunga mpaka jioni. Sifa ya kuifungua itabaki yako, hatuna kinyongo. Na ukirudi ofisini, utukumbuke kwa matuta.

Tunajua unasubiriwa kwingine. Dereva wako tumemwambia asihangaike, kwani meza zimeshapangwa mbele na nyuma ya gari lako. Bibi Mkunga naye ameshavuka nusu. Ameketi pale katikati, ameshikana mkono na rafiki yake, na hakuna kati yetu atakayemwambia ainuke. Ukiweza wewe, mwambie.

Mungu akujalie umri mrefu, magoti yenye nguvu, na jirani wa karibu.

Ni sisi,
Wakazi wa pande zote mbili za barabara.