Nyuni na Shimo la Mchanga

Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Mnaukumbuka, ule wa foleni, wenye harufu ya gunia, na aliyekuwa na muhogo shambani alilala na panga. Ndipo mjukuu wangu, niliyeachiwa na binti yangu marehemu, alipopatwa na homa ya kichwa hapa hapa Kisauni. Homa ikaenda zake. Ikamwachia kifafa, na miguu laini kama kamba iliyolowa.

Ndugu zangu wa kanisa hili, nawaambia, nilifanya ambalo nyote mngelifanya. Nani hapa hajalelewa akiambiwa kwamba degedege ni nyuni, yule ndege ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto humtwaa? Ubatizo ninao, lakini gunia la dirishani nililipigilia mwenyewe, mjukuu wangu asiione mbingu. Akakaa gizani tangu masika hata korosho zikaiva.

Asubuhi moja namgeuza nimbadilishe nguo. Sikumvuta. Nilimshika paja kama mtu ashikavyo yai. Likalia, ta, kama kijiti cha kuwashia moto. Hakulia sana. Alinitazama tu.

Paja likafungwa kwa vijiti, likaunga. Halafu ukavunjika mkono. Hapo majirani wakaacha kubisha hodi kwangu. Kisimani nikamsikia mmoja, "Mwenzangu, mfupa haujivunji. Yule kizee ana lake." Mwenzake akacheka, "Na nyumba yenyewe imezibwa kama kaburi."

Nikambeba hadi zahanati. Nesi akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Bibi, mtoto huyu ametoka juani lini?"

"Wataka afe?"

"Asiyesimama, na jua halioni, mifupa yake huwa kama mkate mkavu. Itakuvunjikia yote, bibi."

Akamfunga mkono, akanipa chupa ya mafuta ya samaki. Nilitoka nimenuna. Kisichana ambacho hakijazaa kinifundishe kulea mimi?

Nikafika uani, nikainua karai lililolala kifudifudi tangu mavuno. Chini yake punje ya mahindi ilikuwa imeota. Mche mrefu, mweupe pe, kama kidole cha maiti. Nikaugusa, ukakatika. Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale.

Gunia nikalibandua siku ile ile. Mkono ulipounga, nikachimba shimo mchangani nyuma ya nyumba, kama wazee wetu walivyowafanyia watoto wazito kusimama. Nikamtia humo wima, mchanga ukamshika hadi mapajani, jua la asubuhi likimpiga uso. Dagaa nikamtwangia pamoja na miba yake.

Jirani akachungulia uani, akatoka mbio. "Njooni! Anamzika mtoto hai!"

Wakaja shemeji zangu wawili na fimbo zao. Mkubwa hakunisalimu.

"Huyo si wetu, ni wa nyuni. Tupe tumpeleke ufuoni, maji yakipwa yatoke naye."

Mtoto yumo shimoni, anawatazama. Na wakati ule ule kivuli cha ndege kikapita uani, kikampita usoni. Niliingoja degedege. Haikuja. Nikasimama mbele yake na jembe.

"Simtoi. Nitakaa naye juani, na anayemwogopa nyuni ajifungie yeye."

Wakaondoka kinyumenyume.

Tangu siku ile mfupa wake haujavunjika. Kifafa kipo, sidanganyi, na kutembea hatembei. Lakini mwoneni, amesimama hapa ameshika leso yangu. Namshukuru yule nesi niliyemnunia. Namshukuru na jirani aliyepiga kelele, maana sasa yeye ndiye humshika upande wa pili tukimwinua. Mwenye mtoto kama huyu asimfiche. Mgeuze polepole, mpe samaki, mtafutie namna ya kusimama, mtoe juani asubuhi.

Mwaka huu mvua imechelewa, nanyi mmesikia inavyosemwa, kwamba mbingu imefungwa kwa sababu yake, na kwamba safari hii watakuja wengi kumtwaa. Nawaona wawili wameketi nyuma pale karibu na mlango, wanangoja nimalize. Nimemaliza, shemeji zangu. Jibu langu ni lile lile.

Simtoi. Nitakaa naye juani, na anayemwogopa nyuni ajifungie yeye.