Fundi Soli, Aliyegeuza Kiatu Kabla ya Salamu

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Soli, alizaliwa tarehe 9 Juni 1981, mtoto wa pili kati ya watatu. Alizaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa akiwa na siku nne. Mama aliambiwa asitarajie makubwa. Akambeba mwanawe kifuani wakarudi nyumbani.

Alianza shule mwaka 1988 kwa magongo na viatu vya chuma. Alikuwa mtundu kupindukia. Mwalimu mkuu alimnyang'anya gongo mara tatu kwa kosa la kuangushia mapera ya jirani. Mwaka 1991 mguu wake wa kulia, uliokuwa na nafuu kuliko mwenzake, ulianza kuburuta. Kila mtu akasema, "Ni mgongo wake." Yeye akasema, "Siyo. Mgongo wangu naujua, hiki ni kitu kingine." Ilichukua miezi saba kumsikiliza. Ukakutwa uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya uti wa mgongo, ugonjwa adimu ambao daktari wake hakuwahi kuuona kwa mtoto. Ukatolewa, ila mguu haukurudi ulivyokuwa.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika karakana ya viatu ya hospitali. Mtoto akiingia, alikigeuza kiatu chake kwanza, akaangalia soli ilivyolika. Mama mmoja alimwambia, "Dada, niwekee soli nene tu, huyu ni mgongo wake." Yeye akamgeukia mtoto: "Eti mwanangu, mguu unasemaje?" Mtoto akajibu, "Unakufa ganzi." Aligoma kushona, akawapeleka mwenyewe kwa daktari. Ulikuwa uvimbe kama wake, umewahiwa. Binti yule yuko nasi hapa, na amevaa raba.

Mwaka 2009 aliolewa na seremala wa karakana hiyo hiyo, aliyemchongea magongo na kukosea vipimo mara nne ili aje apimwe tena. Shemeji anashikilia kwamba alikosea kweli. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka jana shemeji, akipiga rangi viatu vya mkewe, aliona soli imelika upande. Alipomwambia, fundi wetu alijibu, "Achana nayo, ni mgongo tu." Alipokubali kupimwa, uvimbe ulikuwa umerudi, tena pabaya. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 43. Tumeumia sana.

Ameacha mama, mume, binti, kaka na mdogo wake anayesoma wasifu huu.

Wiki moja kabla ya kifo chake, mdogo wake alimsomea rasimu ya wasifu huu, ikiwa sifa tupu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeniremba mno. Andika kwamba nilijua, nikaogopa, nikanyamaza. Akina mama wa wale watoto wa karakana watakuwepo."

Tumesema, dada. Sasa pumzika kwa amani.