Kilichokunjwa ni Safi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Mchungaji wa kanisa letu dogo la hapa hospitalini, Muuguzi Mkuu, wakuu wa idara zote, ndugu wageni waalikwa, wafuaji wenzangu ambao leo mmevaa viatu vya kufunga na naona vinawabana, na wewe uliyekaa karibu na mlango kana kwamba umekuja kurekebisha kitasa: habari za mchana.

Kwanza nashukuru kwa zawadi. Niliigusa tu juu ya karatasi, nikajua ni mashuka. Mganga Mkuu, miaka thelathini na mmoja nimefua mashuka, nimepiga pasi mashuka, nimeota mashuka, na leo nastaafu, naenda nyumbani na mashuka. Asante sana. Nitayalalia, maana nimechoka.

Sasa tuje kwenye ratiba. Imeandikwa hapa kwamba mstaafu atatoa ushuhuda wa kitambaa. Najua aliyeomba ni Mchungaji, kwa sababu anaupenda ushuhuda huo kuliko mimi mwenyewe. Na ipo ratiba nyingine, imebandikwa kwenye mlango wa kanisa, inayosema kwamba Jumapili hii ya Pasaka nitaita mimi, kama kila mwaka. Kwa wageni msiojua utaratibu wetu, mmoja husimama mbele akatangaza kwamba Bwana amefufuka, na wengine wote huitikia kwamba ni kweli. Nimeita mimi miaka mingi, si kwa utakatifu wowote, ila kwa kuwa nina koo lililozoea kushindana na mashine. Leo nimesimama kuwaambia kwa nini ushuhuda ule siutoi tena, na kwa nini sijui kama Jumapili nitakuwa na la kuita.

Binti yangu wa mwisho, mwalimu wa chekechea, aliumwa figo. Alilazwa hapa hapa, wodi ya pili, ngazi mbili tu juu ya chumba cha kufulia. Miezi mitatu tulimwombea. Mchungaji alifunga, kwaya ilifunga, hata dada yangu ambaye hajawahi kuruka chai ya asubuhi alifunga siku saba. Tuliomba mpaka tukaishiwa maneno, tukaanza kurudia ya jana. Je, tuliomba vibaya? Je, tulikuwa wachache? Nimeuliza maswali hayo mpaka nimeyachoka, na sijajibiwa hata moja.

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, simu ya chumba cha kufulia ililia. Muuguzi akaniambia, "Mama, binti anakuulizia. Panda." Mashine kubwa ilikuwa imegoma, maji yamejaa, mashuka sitini ndani, na fundi alitaka mtu wa kumshikia kifuniko. Nikasema, "Mwambie nakuja, namalizia mashine hii." Na nikaimaliza. Dakika arobaini, ndugu zangu. Nilipofika juu, kitanda kilikuwa kimeshafunikwa.

Mkitaka kuniuliza ni mama wa namna gani, niulizeni. Mimi hujiuliza kila siku nikiwa napiga mswaki.

Kisha nilifanya jambo ambalo wafuaji wenzangu wanalijua na hawajawahi kulisema nje. Nilirudi chini, nikavaa aproni, nikaanza kuchambua mifuko ya mashuka machafu. Walinisihi nikae, lakini kukaa nilikuwa nimesahau kunafanywaje. Nilichambua mpaka shemeji yangu alipokuja kunichukua.

Hapa inabidi niwaeleze sheria yetu moja. Ukutani kwetu pameandikwa kwa rangi nyekundu: KILICHOKUNJWA NI SAFI. Huko wodini watu wana haraka, mara nyingine hutupa kwenye mfuko shuka ambalo hata halijatandikwa. Sasa nani duniani hukunja nguo chafu? Kwa hiyo sisi tukikuta kitu kimekunjwa ndani ya mfuko, hatukifui, tunakiweka moja kwa moja kwenye rafu ya nguo safi. Mkono unafanya wenyewe, macho hayashughuliki. Ndivyo nilivyowafundisha wote waliokuja baada yangu.

Jumatatu, baada ya mazishi, nilipita kuomba ruhusa ya wiki moja. Nikaona kwenye rafu, kati ya foronya, kitambaa cha kichwa cha manjano chenye maua madogo meupe. Cha mwanangu. Kimekunjwa mara nne, pembe ya mwisho imeingizwa ndani ili kisifunguke. Na mkono uliokiweka pale ulikuwa wangu, Ijumaa ile, bila kukitazama. Nilikishika kitambaa cha mwanangu saa moja baada ya kufa kwake, nikadhani ni kitu cha hospitali. Ningekitambua ningekifua, maana ndivyo nilivyo. Kwa sababu sikukitambua, kilibaki na harufu ya mafuta yake ya nywele.

Niliuliza wauguzi wote nani alikikunja. Kila mmoja akasema si yeye. Mchungaji aliposikia, macho yalimng'aa. Alikumbuka kaburi lililokutwa wazi, na kitambaa cha kichwa cha Bwana kilichokunjwa peke yake pembeni, akapiga hesabu ya siku akapata tatu. Mimi nilipopiga nilipata nne, lakini nani alikuwa ananisikiliza? Jumapili iliyofuata nikasikia madhabahuni kwamba malaika ameshuka wodi ya pili. Watu walikuja nyumbani kukitazama. Na sitawadanganya, niliamini. Niliamini kwa meno yote. Kama malaika alikuja kumkunjia mwanangu kitambaa, basi mwanangu hakuwa peke yake dakika zile arobaini. Mwaka mzima niliishi kwa neno hilo, na Pasaka ile niliita mpaka vioo vikatetemeka.

Sasa nije kwako wewe wa mlangoni. Mhudumu wa wodi ya pili, samahani, leo nakutaja. Huenda hujui kwamba chumba cha kufulia tunakuita Bwana Sindano. Ni kwa sababu katika mifuko yako hazikosekani sindano zilizosahauliwa kwenye mashuka, na hapa nina alama tatu kidoleni za kukukumbuka nazo. Siku moja, mwaka ule ulipoisha, nilipanda ngazi nikiwa na sindano yake mkononi na matusi mdomoni. Nikamkuta Bwana Sindano huyu amesimama kando ya kitanda cha mzee mmoja aliyekuwa ametoka kufariki. Alikuwa anakunja shati lake. Mara nne, halafu pembe ya mwisho akaiingiza ndani. Nikasahau sindano.

Nikamwuliza, "Kile kitambaa cha manjano, cha maua, ni wewe?"

Akasema, "Cha mwalimu? Ndiyo, mama. Kwani kulikuwa na kosa?"

"Nani alikutuma?"

"Yeye mwenyewe. Kilianguka, nikakiokota. Akaniambia nikikunje vizuri, mama yake hapendi vitu vilivyokunjamana. Nilivyokunja mara ya kwanza akakataa. Akanionyesha wanavyokunja leso watoto wake wa chekechea, pembe inaingia ndani, haifunguki hata mtoto akikimbia. Alipofariki nikakiweka juu kabisa ya mfuko wa mashuka yake, ili ukifungua ukione kwanza."

Nikamwuliza alikuwa anafanya nini kitandani kwa mwanangu Ijumaa ile. Akasema zamu yake ilikuwa imeisha, akaona mgonjwa yuko peke yake, akakaa. Nikamwuliza kama mwanangu alisema lolote tena. Akatazama sakafu. "Aliuliza kama unakuja. Nikamwambia uko kwenye ngazi."

"Nilikuwa kwenye ngazi?"

"Hapana, mama. Lakini alitulia. Akawa anatazama mlango."

Ndugu wageni waalikwa, mnaona nilichopewa siku ile? Wengine mmeanza kutabasamu, mnadhani hapa ndipo pazuri. Hapana. Siku ile nilifiwa mara ya pili. Nilikuwa na malaika, nikabaki na mtu anayenuka sigara. Nilikuwa na hakika kwamba mbingu zilifunguka juu ya kitanda kile, na kumbe kilichotokea ni uongo mdogo wa huruma kuhusu ngazi ambazo sikuwa nimezipanda. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kuomba, nikakuta hakuna kitu. Nikasema hili nalo litapita, kama mafua. Halijapita. Pasaka mbili mfululizo nimesimama mbele nikawaita, Mchungaji, mkaniitikia kwa furaha, na ndani yangu kulikuwa kimya kama mashine iliyokatiwa umeme. Niliwadanganya madhabahuni kwa sauti kubwa. Naomba radhi mbele ya wote hawa, kwa kuwa hata uongo wenyewe niliusema mbele ya watu.

Mchungaji hupenda kutusimulia habari za wale wanafunzi wawili waliotoka mjini wamekata tamaa, wakatembea na Bwana njia nzima bila kumjua, mpaka jioni walipoiona mikono yake ikimega mkate. Kila akisimulia, watu husema amina. Mimi siku hizi hubaki na swali moja tu: mbona mara walipomtambua, akatoweka? Ni faraja gani hiyo? Walipata nafasi ya kumaliza hata tonge? Na yule mwanamke aliyelia kaburini, alimtazama usoni akadhani ni mtunza bustani. Mimi kosa langu limekwenda kinyume na lake. Yeye alimwona Bwana akadhani ni mfanyakazi. Mimi niliona kazi ya mfanyakazi, nikang'ang'ania kwamba ni ya malaika, na nilipoujua ukweli nikaona nimeibiwa.

Tafadhali msinisaidie kumalizia. Msiniambie kwamba Bwana Sindano ndiye Bwana. Yeye mwenyewe atacheka mpaka akohoe, na kanisani hajawahi kukanyaga. Mimi nasema tu nilichokiona kwa macho ya mfuaji. Tangu siku ile nimekuwa nikifungua mifuko ya wodi ya pili mwenyewe. Kila anapofariki mtu kule, juu kabisa ya mfuko nakuta kitu chake kimekunjwa, leso, shati, soksi za mtoto, pembe imeingizwa ndani. Ni mkunjo wa mwanangu. Miaka mitatu yuko ardhini na mkunjo wake unashuka ngazi zile mbili kila wiki. Sijui hilo linaitwaje. Sina imani ya kutosha kulipa jina, na nalia nikilisema.

Kwa hiyo, Mchungaji, naomba unifute kwenye ratiba ya Jumapili. Aite mwingine, hata yule kijana wa maabara mwenye sauti ya mbu. Nitakuja, nitasimama nyuma kabisa, na nitaacha kuchezesha midomo. Akiita, nitasubiri. Mkisikia nimeitikia, mjue hata mimi nimeshangaa. Msiposikia, msigeuke kunitazama.

Wafuaji wenzangu, nawaachia chumba. Sheria ile ya ukutani msiifute, lakini chochote kilichokunjwa kinachotoka wodi ya pili, kitazameni kabla hamjakiweka kwenye rafu. Mwenye kitu hicho ana mama yake mahali fulani. Na mashine ikigoma mtu anapoitwa juu, iacheni igome.

Bado kitu kimoja. Kitambaa hiki nilichojifunga kichwani leo ndicho chenyewe. Nilikaa nacho miaka mitatu bila kukikunjua, nikiogopa harufu itatoka. Ilitoka yenyewe, kimekunjwa vile vile. Asubuhi hii nimekikunjua, nikakivaa, halafu nikajaribu kukikunja tena kama kilivyokuwa. Mara tisa. Mimi, miaka thelathini na mmoja ya kukunja, pembe inanikatalia. Kuna mtu mmoja tu humu ndani anayejua, kwa sababu alifundishwa na mwanangu mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu mchana huu, na kwa kutonikatiza. Kaka yangu wa mlangoni, usiondoke kwanza. Ninashuka nakuja hapo ulipo, na safari hii simalizii mashine yoyote. Nifundishe.