Sakafu za Mzee Polycarp na Tarehe Nilizoziandika Mimi

Jumatano, tarehe 30 Juni 2004, Mzee Polycarp Bukuru anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mbao hapa Rusimbi kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Aliingia Machi 1971 akiwa kibarua wa kubeba magogo. Anatoka akiwa fundi wa sakafu, na kati ya Bangwe na Ujiji hakuna nyumba ya maana ambayo hajawahi kuipigia magoti.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kudra Mrisho, mtunza ghala, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki. Wakasema uchekeshe kidogo. Haya, utachekesha. Ila katika faili la Mzee mna barua ya onyo ya Agosti 1997, na kwa sababu ya barua hiyo amekaa miaka saba bila kupewa cheo cha fundi mkuu. Kosa lililoandikwa mle lilikuwa langu. Sitaki aondoke nalo, kwa hiyo nikifika mwaka huo mnivumilie.

Mzee Polycarp alizaliwa Mwamgongo mwaka 1944, kwa baba mvuvi na babu mvuvi. Yeye akipanda mtumbwi tu anatapika. Hadi leo akienda kwao kwa boti hushika ubao wa pembeni kwa mikono miwili na hasemi na mtu mpaka ateremke. Mwenyewe hueleza kwamba alichagua kazi ya sakafu kwa sababu haiyumbi.

Alipoanza, mbao iliyokuwa ikitamba ni mvule. Nyumba za kilimani zilizojengwa na wakoloni zilikuwa na sakafu za mvule, mbao pana na nzito, nyeusi kwa uzee, zikipigwa nta mpaka unaona meno yako. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa zilizoliwa na mchwa na kupachika nyingine bila kiraka kuonekana. Alikuwa akibandika shavu chini, jicho moja limefumbwa, akitafuta kiraka chake mwenyewe. Asipokiona anainuka akitabasamu, shavu lina vumbi.

Miaka ya themanini mvule ukaadimika, na watu wakahamia kwenye saruji nyekundu. Kila aliyejenga alitaka saruji nyekundu, anaipaka nta kila Jumamosi na wageni wanateleza. Mafundi wengi wa sakafu walihama. Mzee akabaki akichonga vitanda na milango, huku akimsumbua kila meneja anayekuja anunue mninga na kuuweka akiba. Mameneja walimwona ana kichaa kidogo. Yeye alishikilia kwamba watu wakichoka baridi ya saruji miguuni watarudi kwenye mbao.

Na mbao ikija hapa ina utaratibu wake, ambao ni yeye aliyeuweka. Inapangwa bandani, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Mtunza ghala, yaani mimi, anaandika kwa penseli kwenye kichwa cha kila ubao tarehe ulipoingia. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kuugusa mpaka upite masika moja nzima na kiangazi kimoja kizima. Mninga ni mpole kuliko mbao zote, lakini nao ukilazwa mbichi utanywea, sakafu ifunguke nafasi kati ya ubao na ubao, na kingo ziinuke.

Basi watu wakarudi kwenye mbao, kama alivyosema. Kuanzia mwaka 1993 wakimbizi walipoanza kuja kwa wingi kutoka Burundi, mashirika ya misaada nayo yakaja, yakitafuta nyumba na ofisi za kupanga. Mwenye nyumba mmoja akaweka sakafu ya mninga, akapata mpangaji siku hiyo hiyo. Jirani yake naye akataka. Wenye haraka wakachukua mbao ya mkora, iliyopatikana upesi, wenye majivuno wakataka mtiki kwa sababu wamesikia unatumika kwenye meli. Tulifanya kazi mpaka Jumapili.

Kipimo cha Mzee mnakijua. Pima maji anayo, lakini akimaliza chumba hutoa mfukoni kokwa ya mchikichi, huiweka katikati na kusimama mikono nyuma. Ikitulia, kazi imekwisha. Ikibingirika, vijana mnalia. Na yule mama wa Mwanga aliyesikia kwamba mbao hupenda mafuta, akaipaka sebule yake yote mawese! Mzee alikuta sisimizi wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi chini ya kochi. Alikwangua sakafu ile siku tatu bila kumcheka mwenyewe, ila aliporudi karakana alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nimefika kwenye mwaka wangu.

Novemba 1996 watu wakaanza kuvuka ziwa kutoka Kongo, vita vikiwa nyuma yao. Ufukweni Kibirizi boti zilipokezana mchana kutwa na mvua haikukatika. Waliochelewa kupata nafasi walikokuwa wanapokelewa walizagaa mitaani. Asubuhi moja nilikuta kwenye ukuta wa karakana mama mmoja anaitwa Mapendo, ana watoto watano wa kwake na wa dada yake, na familia nyingine mbili. Meneja wa wakati ule alikuwa safarini, na alikwisha kuagiza banda lisifunguliwe kwa mtu yeyote. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu. Nikafungua.

Walikaa siku tisa, Mzee na mafundi wakiwa kwenye kazi ya nje. Ili wapate mahali pa kulala tulisogeza mbao, rundo la mninga mkavu wa mwaka 1995 likaegeshwa kwenye rundo lililoingia Oktoba ya mwaka ule ule. Nguo mbichi na mikeka vilianikwa juu ya vichwa vya mbao. Walipochukuliwa kwenda kambini nikabaki napanga upya, ndipo nikaona penseli imefutika kwenye mbao zaidi ya arobaini. Zote zilikuwa zimelowa, zote nzito, siwezi kutofautisha. Ningemwambia Mzee siku ile yangekwisha. Lakini ningemwambia, ingejulikana nani alifungua banda, na mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nikachukua penseli, nikaandika tarehe kwa kubahatisha.

Februari ikaja kazi ya ukumbi wa mikutano wa shirika moja la misaada, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mzee alichagua mbao kwa kusoma tarehe zangu. Aliinua ubao mmoja, akaupima mikononi, akaniuliza mbona una uzito. Nikamjibu ni mvua ya juu juu tu. Aliniamini. Nimeishi na jibu lile miaka saba, na halijawahi kuwa jepesi.

Ukumbi ulipendeza mno. Kokwa ilitulia, watu wakapiga picha. Kisha kikaja kiangazi. Kufikia Agosti mbao zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha kidole, nyingine zimejikunja kingo, viti vinacheza. Shirika likaja juu. Mzee alikwenda na patasi, akang'oa ubao mmoja, akaugeuza kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kichwani palikuwa na tarehe ya mwaka 1995 kwa mwandiko wangu, na alama ya tarehe ya Oktoba 1996 imebaki kidogo chini yake. Aliitazama kitambo. Kisha akatoa randa akairanda ile sehemu, mara mbili tu, tarehe zote mbili zikatoweka.

Kwa meneja alisema yeye ndiye aliyechagua mbao, na fundi anayechagua mbao anapaswa kuzijua. Akaandikiwa onyo, na cheo cha fundi mkuu, ambacho barua yake ilikuwa imekwisha kuchapwa, kikasimamishwa. Nilimfuata bandani nikitaka kusema. Akaniwahi.

"Dada Kudra, wale watoto walilala pakavu?"

Kumbe habari za wageni wale zilikwisha kumfikia. Nikasema walilala.

"Basi. Sakafu nitailaza upya."

Aliilaza upya kwa miezi miwili, safari hii akipima ubao mmoja mmoja. Ukumbi ule upo, sakafu ni ile ile, nendeni mkaikanyage. Lile jambo hakulitaja tena, wala hakunibadilikia. Siku zote aliniachia mimi niandike tarehe, na hakuwahi kurudia kuzikagua. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angenigombeza.

Baadaye mitindo ikageuka tena, naye akageuka nayo kwa kunung'unika. Wateja wakaacha mbao ndefu wakataka vipande vifupi vilivyopangwa kama mfupa wa samaki. Akajifunza akiwa na miaka hamsini na tano. Wakaacha rangi ya giza wakataka mbao zing'ae kwa vanishi, kisha wakaanza kung'oa mbao na kuweka vigae. Siku hizi zimeingia zile sakafu za kubandika zenye picha ya mbao juu. Mzee alipoonyeshwa kipande alikinusa, akakigeuza, akauliza huu ni mti gani. Akaambiwa ni picha. Akakirudisha kwa heshima zote, akaenda kunywa chai.

Amefundisha mafundi kumi na wanne, na wanane kati yao wana karakana zao. Wote wanasema alikuwa mkali kwenye kazi na mpole kwenye kosa. Mimi nathibitisha hilo la pili.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa meneja wetu wa sasa, Bwana Vedasto, nikamweleza yote kama mlivyoyasoma hapa, nikampa na kwa maandishi. Akauliza kama nakumbuka kwamba mimi bado nina miaka mitatu kazini. Nikamwambia nakumbuka. Juzi akaniita. Barua ya onyo imeondolewa katika faili la Mzee, na cheti atakachokabidhiwa leo kimeandikwa Fundi Mkuu. Onyo jipya limetolewa kwa jina langu, nami nimelitia sahihi. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba wasifu huu uchapwe bila kupunguzwa.

Mzee Polycarp, shikamoo. Hukuambiwa haya mapema kwa sababu ungenizuia, na ungefaulu. Najua hapo ulipokaa umekunja uso. Ukunje tu, leo ni sherehe yako. Nakuomba radhi mbele ya wenzetu wote, na nakushukuru kwa watoto wangu wanne, waliosoma kwa mshahara ambao ungekatika siku ile. Karakana nzima inakutakia mapumziko marefu huko Mwamgongo, afya ya magoti, na ziwa tulivu kila utakapopanda boti.

Faili lako linafungwa likiwa safi. Barua iko kwenye langu, na ndiko ilikostahili kukaa.

Kudra Mrisho
Mtunza Ghala