Mzee Rugaba anastaafu, na foto zake bado ziko Columbus

Kwanza naomba radhi. Niliombwa kuandika habari hizi tangu mwezi wa saba, na leo tuko wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Mtoto wangu mdogo aliumwa masikio, mkubwa akaanza shule, na kila nikishika kalamu nasinzia. Lakini tarehe haisogei. Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016, Mzee Rugaba atavua kizibao chake cha njano kwa mara ya mwisho, baada ya miaka tisa na miezi minne katika ghala letu hapa Louisville.

Alianza Mei 2007, wiki ya tatu tangu afike Amerika, kwenye mlango wa kupakia namba nne. Alibeba, akapanga, akaja kupewa kuendesha forklifti. Aliangusha mzigo mara moja tu, boksi la vyungu vya maua, na kesho yake alimpa msimamizi barua ya kuomba msamaha ya kurasa mbili, kwa Kifaransa, ambacho msimamizi hajui hata neno. Sisi tuliokuja nyuma yake alitufundisha kuinua kwa magoti, si kwa mgongo. Nilipokuwa na mimba, alipita upande wangu kimya na kuondoka na boksi zito bila kunitazama, kama mtu aliyepotea njia.

Wote mnaijua kamera yake, ile aliyoinunua kwa mtu kule Shively. Kila mapumziko alitoka nayo uani, maana ndege zinazoshuka uwanjani hupita juu yetu. Aliinua kamera, akaifuata ndege kwa jicho mpaka ipotee, akaishusha. Hakubonyeza. Arusi zetu alizipiga foto, watoto wetu pia, lakini ndege hata moja, miaka tisa. Patricia wa meza ya kufungasha alikuwa anamtania: "Mzee, hiyo ni kamera ama ni miwani?" Naye alijibu: "Ni miwani, mama, na wewe huna." Tulicheka sana. Hatukujua tunacheka nini.

Tulipojua anastaafu, tulimpa zawadi ya safari: siku tatu za maonyesho ya ndege kando ya ziwa, kule Buffalo, mwezi wa saba. Mimi ndiye niliyeendesha gari, maana Généreuse, aliyefanya kazi hapa nasi kabla ya kuhamia Buffalo, karibu na Grant Street, ni dada yangu mkubwa, na watoto wangu wangepata pa kulala. Njiani tulilala Columbus kwa Marcellin, naye wa ghala letu wa zamani.

Mezani kwa Marcellin, Mzee aliacha kula. Alituambia habari za kaka yake, Gakunzi, aliyekuwa mpiga foto wa sokoni kule nyumbani. Siku moja Gakunzi alipiga foto ya ndege kwenye kiwanja kidogo, wanajeshi wawili wakamwita. Kamera ilirudi nyumbani. Gakunzi hakurudi. "Bon," Mzee alisema, "na ninyi sasa mnanipeleka kwenye ndege za jeshi, kamera shingoni."

Nasema kweli, niliogopa kutoka pale mpaka Buffalo. Masaa matano, mtoto analia, na kila gari la polisi likitokea Mzee anafunika kamera kwa koti. Nilijiuliza kama ni zawadi tumempa ama ni adhabu.

Ziwa lile halina ng'ambo. Binti yangu Shami, ana miaka sita, aliliita bahari, nikamwacha. Ndege sita zilipita pamoja chini chini juu ya maji, kishindo kikaingia kifuani. Siku hiyo ya kwanza Mzee alibaki ndani ya gari, vioo juu. Ya pili alitoka, akasimama mikono nyuma kama mtu aliye kwenye foleni ya ofisi, na huku hata mabibi wazee pembeni yetu wanapiga foto. Asubuhi ya tatu nilichoka.

"Mzee, nimelea watoto wawili ndani ya gari masaa tisa. Sema unataka nini."

"Karatasi, Mama Shami. Yenye muhuri. Nani atapiga foto ya ndege ya jeshi bila karatasi?"

Nilikwenda kwenye hema la wanajeshi, mtoto mgongoni. Kiingereza changu ni cha kazini, boksi na zamu na mizani, lakini mwanajeshi mmoja, mwanamke, alinisikiliza. Akasema karatasi haihitajiki. Nikarudi kumwambia Mzee. "Amesema kwa mdomo," akanijibu. "Na akibadilishwa zamu?" Nikaenda tena. Mwanamke yule hakucheka. Alichukua ratiba ya maonyesho, akaandika nyuma yake kwamba Bwana Rugaba anaruhusiwa kupiga foto ndege zote, za chini na za juu, akatia sahihi. Nikasema, muhuri. Hakuwa nao. Akafikiri, kisha tukaenda wote mpaka mlangoni, pale wanapogonga mihuri kwenye mikono ya wanaoingia, na karatasi ya Mzee ikagongwa muhuri wao, samaki wa bluu.

Mzee alipitisha kidole juu ya yule samaki. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akainua kamera. Foto ya kwanza ni mawingu, ya pili ni mkia tu. Baada ya hapo hakuacha mpaka ndege ya mwisho iliposhuka: foto mia tatu na kumi na mbili.

Kurudi, alifanya kama tulivyozoea sote. Karatasi ya asili inabaki kwa mtu wa kuaminika, wewe unasafiri na kopi. Basi alimwachia Généreuse ile karatasi na kutoa kopi kwenye duka la Grant Street. Lakini kwenye kopi samaki alitoka mweusi. Tulipofika Columbus alikataa kuendelea na foto mia tatu kwa kopi ya namna hiyo, akampa Marcellin kadi ya kamera aifiche. Mwezi wa nane Marcellin akahama nyumba, na mpaka leo kadi hajaiona.

Tuliahidi foto ishirini ukutani kwenye chumba cha kulia, siku ya kuagana. Kila asubuhi Mzee ananiuliza: "Columbus hawajambo?" Namjibu hawajambo.

Mzee Rugaba, asante kwa mgongo wangu na migongo yetu sote. Nenda ukapumzike, mwili uwe mzima, na anga iwe safi kila ukitoka na kamera.

Kabla ya tarehe 23 bado nahitaji kutumiwa vitu hivi. Patricia, misumari midogo na kamba. Marcellin, kadi ya kamera: uliitia ndani ya kopo la majani ya chai, nilikuona, kwa hiyo anza na maboksi ya jikoni. Na dada Généreuse, karatasi yenyewe, si kopi, ile yenye samaki wa bluu. Mzee amesema foto hazipandi ukutani kama karatasi haiko pembeni yake, na mimi nimeshamwambia itakuwepo.