Tuseme Benchi Halina Miguu

Benchi la kijiweni Old Korogwe lilivunjika, na kwa kuwa kijiwe chenyewe kiko mlangoni mwa karakana ya useremala, mafundi waliapa kujitengenezea jipya lisilofanana na lolote. Wakakwama. Ndipo Asnath, aliyesomea chuoni usanifu wa samani, akawaletea mchezo wa "tuseme": unauliza jambo lisilokuwepo, wenzako wanajibu kana kwamba lipo. Tangu aajiriwe hapo, Asnath hunywa kahawa amesimama. Hakuna aliyemkataza kukaa, hakuna aliyesogea kumpisha. Safari hii, aliwaza, chaki ya kuchorea ninayo mimi.

— Haya. Tuseme benchi halina miguu.

— Linaning'inia! alidaka Mdoe, fundi wanayemwita Randa. Kamba za katani ya shamba la Ngombezi, mpaka darini.

— Ubembee na kahawa ya moto mapajani? Utaimba! alisema Gerald, fundi mwenzake, aitwaye Spika kwa kupenda kufunga mijadala. Liwe duara, tutazamane.

— Na mimi niingie na birika kwa kuruka? aliguna Mustapha, muuza kahawa.

— Tuseme linawajua wanaolikalia, alisema Asnath.

— Akikaa mwongo, linamtupa! alidakia Randa.

— Basi Spika hamia Handeni leo leo, alisema Mustapha.

— Tuseme na muuza kahawa anakaa, alisema Asnath.

Mustapha alilitua birika chini. Miaka yote hiyo, nani alishawahi kumuuliza?

Chaki ilikimbia sakafuni. Duara. Mahali pa Randa, anyooshe mguu wake mbovu. Pa Spika, aione barabara. Pa Mustapha, karibu na jiko.

— Dada, wewe ni moto! alisema Spika. Kesho tunapasua mbao!

Bi Hajira, mteja kutoka Vugiri aliyefuata kitanda alichoagiza, akafika na kusimama kando ya mchoro.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Hapa anakaa nani?

— Mimi, alisema Randa.

— Hapa?

— Mimi, alisema Spika. Na pale Mustapha.

— Na wewe mwanangu?

Asnath aliinama kuangalia. Duara lilikuwa limefungwa, tena kwa mkono wake mwenyewe.

— Yeye... si anapenda kusimama? alisema Randa, akimtazama Spika. Spika akatazama barabara.

— Tuseme, alisema Asnath taratibu, tuseme na mimi nipo.

Tangu mchezo uanze, majibu hayakuwahi kukawia hivi. Mustapha aliinamisha birika juu ya kikombe cha Asnath. Halikutoa kitu.